Gari gani linafaa kushusha na kupandisha mashua ya matanga ya futi 22?

#1 KambaMbili

Wakuu, naomba ushauri wa wanaolijua jambo hili. Mashua ni Catalina 22 yenye mkuku (ubapa mzito wa chini ya mashua) wa kuinuliwa, iko juu ya tela la ekseli moja lenye breki zinazojishika zenyewe tela linapolisukuma gari. Itashushwa na kupandishwa siku hiyo hiyo kwenye mteremko wa zege unaofikiwa na maji kujaa na kupwa, mwinamo kati ya 13 na 15%. Barabarani ni mwendo wa chini ya saa moja, tambarare tupu.

Magari yaliyo mezani ni matatu. La kwanza ni gari la familia linaloendeshwa na tairi za mbele, lina kilo 1,500 na kitabu chake kinaruhusu kuvuta 1,600. La pili ni pikapu ya tairi za nyuma, kilo 1,900, inaruhusiwa 2,500. La tatu ni pikapu ya aina hiyo hiyo ila ya 4WD (inavuta kwa tairi zote nne), dizeli, ina gia za chini, lakini ni ya zamani na imetembea sana. Kitabu cha mashua kinasema kilo 1,020, kwa hiyo naona hata la kwanza linatosha na kubaki. Niko sahihi?

#2 MizaniKwanza

Hapana mkuu, hapo umepima mashua tupu ilivyotoka kiwandani. Kinachovutwa ni zaidi ya hapo. Hesabu hivi: mashua 1,020, tela la ekseli moja la ukubwa huo karibu 400, injini ya nje ya farasi 6 karibu 27, betri 20, petroli lita 12 ni kama kilo 10, maji ya kunywa lita 40, nanga mbili na minyororo yake 25, halafu matanga ya akiba, magodoro, jiko, vifaa vya fundi na majaketi ya kuokolea, weka 80. Jumla ni kilo 1,622. Gari lako la kwanza limeshapita kiwango kabla abiria hajapanda.

Tena mara nyingi kiwango cha kuvuta kinachoandikwa kitabuni huhesabiwa gari likiwa na dereva na mzigo mdogo tu. Tafuta namba nyingine mbili: uzito wa juu wa gari lenyewe likiwa limepakiwa, na uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja. Ya pili ndiyo inayowaponyoka wengi. Ukipakia watu wanne na mizigo ndani ya gari, kilo hizo zinatoka kwenye fungu la tela. Mimi husema mzigo halisi usizidi 80% ya kiwango cha kuvuta. Kwa kilo 1,622 unatafuta gari la 2,000 na kuendelea.

Na usiamini hata hesabu yangu. Peleka tela lote kwenye mizani ya magari likiwa limepakiwa kama siku ya safari. Maji yaliyonyonywa na mbao na povu la ndani ya mashua kuukuu hayaandikwi kwenye kitabu chochote.

Baada ya hapo pima uzito unaokaa shingoni, yaani pale tela linapolala juu ya tufe la gari. Kwa tela la mashua lenga 5 hadi 10% ya uzito wote. Kwako ni kilo 80 hadi 160. Ukiwa mdogo mno, tela linaanza kuyumba kushoto na kulia barabarani na yumbo huongezeka kadiri unavyokimbia. Ukiwa mkubwa mno, gari linakaa chini kwa nyuma, tairi za mbele zinakuwa nyepesi na usukani unapoteza mshiko. Kama mizani ya nyumbani haifiki kilo hizo, laza ubao imara, upande mmoja juu ya tofali na mwingine juu ya mizani, shingo ikae theluthi moja ya urefu kutoka kwenye tofali. Namba utakayosoma zidisha kwa 3. Tela liwe tambarare na shingo iwe kwenye kimo kile kile cha kuvutia, la sivyo namba itadanganya. Kuirekebisha, sogeza mashua mbele au nyuma juu ya tela. Sentimita 10 tu zinabadilisha sana. Kisha angalia kiwango cha shingoni cha gari, maana kina kikomo chake peke yake.

#3 FundiDifu

Nakubaliana na #2 kuhusu mizani, lakini swali la mteremko ni jingine kabisa. Barabarani unauliza injini na breki. Kwenye zege lenye maji unauliza tairi zipi zinavuta na zimekanyaga wapi.

Chukua mwinamo wa 15%. Kila kilo 100 za chombo zinarudi nyuma kwa nguvu ya karibu kilo 15, ongeza kilo moja na nusu ya ukinzani wa tairi. Gari la familia 1,500 na tela 1,620 ni 3,120, kwa hiyo tairi zinazovuta zitoe msukumo wa karibu kilo 510.

Sasa tazama uzito ulio juu ya tairi za mbele. Kwenye tambarare, gari la injini ya mbele lina karibu kilo 900 pale. Shingo ya tela yenye kilo 110 inaelemea nyuma na kuinua mbele, zinaondoka kama 40. Mlima wenyewe unahamishia nyuma kama 50. Tela linapovutwa, nalo linalivuta gari kwa nyuma chini ya kitovu cha uzito, zinaondoka 44 au 45 nyingine. Ukitoa na kidogo kwa sababu ya mwinamo, mbele panabaki karibu 755. Msukumo wa 510 juu ya 755 unahitaji mshiko wa 0.67. Zege kavu lina 0.7 au zaidi, kwa hiyo kukiwa kukavu kabisa gari linatoka kwa shida. Zege lililolowa ni karibu 0.5. Hapo tairi zinazunguka palepale.

Pikapu ya nyuma ina kisa tofauti. Ikiwa tupu ina karibu kilo 800 nyuma, lakini shingo, mlima na mvuto vyote vinaongeza huko huko, inafika kama 1,050. Msukumo unaotakiwa ni 575. Mshiko wa 0.55. Ni nafuu, ila kumbuka tairi zinazovuta ndizo zilizo karibu zaidi na maji, na eneo la kati ya maji kupwa na maji kujaa ndilo lenye ukoga wa kijani. Kwenye ukoga mshiko unaweza kushuka chini ya 0.2. Wengine wanapakia mifuko ya mchanga nyuma ya pikapu. Inasaidia, lakini huwezi kupakia kiasi cha kuushinda ukoga.

4WD inagawa 575 hiyo hiyo juu ya uzito wote wa karibu 1,990. Mshiko wa 0.29 unatosha. Na hapa ndipo penye siri yenyewe: hata tairi za nyuma zikiwa juu ya ukoga mtupu bila mshiko wowote, za mbele ziko mita tatu juu zaidi, kwenye zege kavu, na zimebeba karibu kilo 940. Kwa mshiko wa 0.7 zinatoa 650 na ushee, zinatosha peke yake.

Sharti ni kwamba ekseli ya mbele na ya nyuma ziwe zimefungwa pamoja. 4WD ya kuingiza kwa mkono inazifunga. 4WD ya muda wote yenye difu ya katikati (gia zinazoruhusu ekseli mbili kuzunguka kwa kasi tofauti) iliyo wazi haizifungi. Tairi za nyuma zitazunguka na za mbele zitalala, mpaka ubonyeze swichi ya kufunga difu hiyo. Zile gari za mjini zinazojiunga zenyewe kwa klachi ndogo ya umeme husaidia kwa sekunde chache, lakini ukiteleza kwa muda klachi inapata joto na kujitoa, unabaki na tairi za mbele tupu katikati ya mlima.

Kwa hesabu hiyo, la tatu. Uzee wake unatengenezeka.

#4 Torki_Kwanza

Wakuu mnazunguka sana. Gari lenye injini kubwa halijawahi kushindwa na mashua ya futi 22. Achukue lenye farasi nyingi, mengine yatafuata.

#5 FundiDifu

@Torki_Kwanza farasi nyingi zinazungusha tairi haraka zaidi juu ya ukoga, basi. Kupanda mteremko kwa mwendo wa mtu anayetembea kunahitaji farasi chache mno. Piga hesabu: msukumo wa kilo 575 kwa mita moja kwa sekunde ni chini ya farasi 8.

Kinachohitajika ni torki (nguvu ya kuzungusha) injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini kabisa, na gia fupi. Injini ndogo ya petroli yenye turbo ina torki nzuri kwenye karatasi, lakini pale inapoanza kutembea turbo bado haijazunguka, unapata nguvu ya injini ndogo tupu. Ukiwa na klachi ya mguu, dereva anaisugua ili kuokoa injini isizime, na sahani inaungua kwa majaribio matatu. Gia za chini za 4WD zinazidisha torki karibu mara mbili na nusu, unaachia klachi yote mapema na gari linapanda bila kukanyaga sana. Otomatiki ya kawaida yenye kibadilisha torki cha mafuta ndiyo tulivu zaidi hapa, ila iwe na kipoza mafuta cha giaboksi. Ile ya klachi mbili kavu haipendi kazi ya kurudi nyuma polepole kwa dakika nyingi; inapata joto na taa inawaka.

Ndiyo maana hata vipimo rasmi vya kuvuta vina kipengele cha kuanza mlimani. Utaratibu wa Ulaya unataka gari na tela lake lianze kutembea kwenye mwinamo wa 12% mara 5 ndani ya dakika 5. Kigezo cha Marekani cha SAE J2807 nacho kina jaribio la 12%, mara 5 mbele na mara 5 kurudi nyuma. Lakini vipimo hivyo hufanyika kwenye barabara kavu. Mteremko wako wa 15% wenye maji ni mgumu kuliko kipimo kilicholipa gari kiwango chake.

#6 MkukuMrefu

Mmesahau kwamba hii ni mashua ya matanga. Boti ya injini ina tumbo tambarare, inaelea kwenye maji ya magotini. Yetu ina mkuku, inakaa juu ya tela, na tela linatakiwa kuzama sana kabla haijanyanyuka. Kwa hiyo kabla ya kuchagua gari, jua litaingia majini kiasi gani.

Hesabu ni rahisi. Catalina 22 mkuku ukiwa juu huzama karibu sentimita 61. Chukua kwamba tela linaushikilia mkuku sentimita 30 kutoka chini. Unataka maji ya sentimita 90 pale katikati ya mashua. Kwenye mwinamo wa 13%, kina hicho kiko mita 7 kutoka ukingo wa maji. Kutoka katikati ya mashua hadi tairi za nyuma za gari ni kama mita 5.7. Tairi za nyuma zitaingia mita 1.3, kina cha sentimita 17. Hakuna shida, maji hayagusi hata kitovu cha gurudumu.

Mteremko ukiwa wa 10%, kina cha 90 kiko mita 9. Tairi za nyuma zinaingia mita 3.3, kina cha sentimita 33. Hapo maji yameshafika kwenye difu na ekzosti ya magari mengi.

Catalina 22 hiyo hiyo ya mkuku usioinuka huzama karibu mita 1.07. Kwenye 13% unahitaji mita 10.5 kutoka ukingoni, na tairi za nyuma zitakuwa kwenye sentimita 62 za maji. Mtu anayeuliza "gari gani" kwa mashua hiyo anauliza swali la pili. La kwanza ni shingo ya kurefusha: bomba la chuma la mraba linaloteleza ndani ya shingo ya tela na kufungwa kwa pini nene, mita 3 hadi 4. Linarefushwa ukiwa umeshasimama kwenye mteremko, linarudishwa kabla ya kuingia barabarani. Barabarani halitumiki, chuma kitapinda.

Kwa hiyo mteremko mkali unalinda gari na maji lakini unadai mshiko, na mteremko wa taratibu unadai mshiko kidogo lakini unalizamisha gari. Pima wako wakati maji yamekupwa: laza ubao wa mita moja, weka pimamaji juu yake, pima pengo la upande wa chini. Sentimita 13 ni 13%.

#7 KambaMbili

Nimeelewa, la kwanza nimeliondoa. Swali: gari likiwa limesimama kwenye mteremko huku dereva anasaidia kamba, breki ya mkono inatosha? Na breki za tela zinasaidia hapo?

#8 FundiDifu

Breki za tela lako hazisaidii kabisa. Zinashika pale tela linaposukuma gari kwa nyuma. Kwenye mteremko tela liko chini na linavuta, kwa hiyo breki zake zimelala. Gari ndilo linaloshikilia kila kitu.

Breki ya mkono kwenye magari mengi hushika tairi za nyuma tu, yaani zile zilizo kwenye ukoga. Kwa mfano wa gari la familia hapo juu, ili lisimame kwa breki ya mkono pekee linahitaji mshiko wa karibu 0.55 nyuma. Zege lenye ukoga halina. Tairi zitakuwa zimefungwa na gari zima litateleza kuelekea majini taratibu, bila gurudumu hata moja kuzunguka. Magari yanayoonekana yakielea mengi yamefika hapo kwa njia hii, na mengine kwa dereva kuweka N badala ya P.

Utaratibu: dereva abaki ndani, mguu kwenye breki, maana breki ya mguu inashika tairi zote nne. Mkanda wa kiti aufungue na dirisha aliache wazi. Ikibidi atoke, avute breki ya mkono kwanza, aachie breki ya mguu polepole gari likae juu ya breki ya mkono, kisha aweke P au gia ya kwanza, halafu mtu wa pili aweke kabari nyuma ya tairi za MBELE, zilizo kwenye sehemu kavu. Kabari ziwe na kamba ili zivutwe kutoka pembeni bila mtu kuinama nyuma ya gari. Ukiwa na 4WD ya kuingiza kwa mkono, iache imeingia. Breki ya mkono ya nyuma itashika na ekseli ya mbele kupitia shafti.

Angalizo: 4WD hiyo usiitumie kukata kona kali juu ya zege kavu, mitambo inajikaza. Iingize ukiwa umeshanyoosha, itoe ukifika juu.

#9 Kabari

Niweke neno kwa wenye gari jepesi na mashua nyepesi, kwa sababu uzi huu unaweza kumtisha mtu bila sababu. Hobie 16 ina karibu kilo 145. Wayfarer haifiki 200. Kwa vyombo hivyo gari lolote la familia linatosha, na watu wawili wanaweza kulisukuma tela kwa mikono. Habari ya 4WD inaanza kuwa na maana jumla ikipita kilo 800 hivi.

Na kwa wa katikati, kuna njia ya mkanda: tela linaingia majini peke yake, gari linabaki juu kwenye ukavu. Inahitaji gurudumu la mbele la tela lililo kubwa na la upepo. Lile dogo la plastiki litavunjika likibeba kilo 110 kwenye zege bovu. Mkanda uwe wa poliesta, usionyumbuka sana, wenye uwezo wa kazi wa tani 2 au zaidi. Kamba ya nailoni hapana: inanyooka, inahifadhi nguvu, na ikikatika inarudi kama risasi.

Hatua ni hizi. Rudisha tela likiwa limenyooka kabisa hadi tairi zake zikaribie maji. Kabari nyuma ya tairi zote mbili za tela. Teremsha gurudumu la mbele na ulifunge lielekee mbele. Funga mkanda kwenye chesisi ya tela, siyo kwenye kishikio chenye breki (kile kinachokaa juu ya tufe la gari), na upande wa gari ufunge kwenye sehemu ya kuvutia iliyofungwa kwenye chesisi. Fungua kishikio, minyororo ya usalama iwe ya mwisho. Gari lisogee mbele mpaka mkanda ukaze na kubeba uzito. Toa kabari kutoka pembeni. Rudi nyuma polepole, mkanda usilegee hata mara moja, kwa sababu tela likipata mwendo na kukwama ghafla kwenye mkanda unapata mshtuko mara mbili au tatu ya mvuto wa kawaida. Asisimame mtu kwenye mstari wa mkanda wala kati ya gari na tela.

Wakati wa kupandisha, vuta moja kwa moja hadi tambarare kabla ya kuunganisha. Kuunganisha katikati ya mlima kunawaweka watu mahali pabaya.

#10 Beringi_Safi

Upande wa maji chumvi. Beringi za tela zikitoka barabarani zina joto. Zikizamishwa papo hapo, hewa ndani ya kitovu inasinyaa na kunyonya maji kupitia sili. Maji chumvi ndani ya grisi huua beringi mapema, nayo hufia barabarani siku nyingine kabisa. Dawa ni subira ya dakika 20 hadi 30, na kwenye mashua ya matanga muda huo upo tayari: simamisha mlingoti na kufunga matanga kwanza, ndipo ushuke. Kofia za beringi zenye springi na grisi husaidia kuweka shinikizo dogo ndani, lakini ukizijaza kupita kiasi sili ya nyuma inafumuka na grisi inaingia kwenye breki.

Jambo hilo hilo lipo kwenye difu ya nyuma ya gari. Ina bomba la kupumulia. Ikizama ikiwa ya moto inavuta maji, na mafuta yanageuka rangi ya maziwa. Kwenye pikapu, refusha bomba hilo kwa mpira hadi chini ya kifuniko cha mafuta au ndani ya bodi. Ni kazi ndogo kuliko zote zilizotajwa kwenye uzi huu na inaokoa difu nzima.

Chomoa plagi ya taa za tela kabla ya kuingia majini. Injini ya gari iache ikinguruma. Ekzosti ikizama kidogo moshi unasukuma maji nje, ukizima yanapanda. Ukitoka, suuza kwa maji yasiyo na chumvi ndani ya madramu ya breki, chini ya gari na kwenye springi. Usihifadhi tela huku breki yake ya mkono imevutwa, viatu vya breki vinaganda kwenye dramu.

#11 Mlingoti7

Na mwenye mashua ya kujaza maji kama uzito, mfano MacGregor 26M, anahesabu vipi? Kuna faida kwenye gari?

#12 MizaniKwanza

Faida kubwa. Hiyo hubeba zaidi ya kilo 500 za maji ikiwa baharini, na barabarani matangi ni matupu. Hesabu ya kuvuta hufanywa bila maji hayo. Lakini mteremkoni maji bado yamo wakati inatoka. Panda kidogo tezi (nyuma ya mashua) itoke majini, simama, fungua vali ya nyuma na tundu la hewa la mbele, subiri yatoke yote, ndipo uendelee. Ukikimbilia juu na maji ndani, gari na tela vinabeba nusu tani ambayo hakuna aliyeipigia hesabu, na maji yakihamia nyuma shingo ya tela inaweza kuinuka na kulinyanyua gari kwa nyuma.

Na hata kwa mashua ya kawaida: ikikaa sentimita 20 nyuma ya kisimamio chake cha omo (mbele ya mashua), uzito wa shingoni unapotea. Omo iguse mpira wa kisimamio kabla hujaondoka majini, ikaze kwa winchi, ongeza na mkanda wa pili, kwa sababu winchi si kufuli.

#13 MkukuMrefu

Nyongeza za haraka kwa mleta uzi. Tufe la kuvutia lilingane na kishikio: milimita 50 na inchi 2, ambayo ni 50.8, si kitu kimoja, ingawa kwa macho yanafanana. Kishikio cha inchi 2 juu ya tufe la 50 kinacheza.

Gari refu kati ya ekseli hulituliza tela barabarani. Gari fupi ni jepesi kugeuza kwenye sehemu finyu lakini tela linalitikisa kirahisi.

Mlingoti uliolazwa hupita mbele ya shingo ya tela, wakati mwingine juu ya paa la gari. Fungua mlango wa nyuma wa gari uone kama unaugonga. Hatari zaidi ni kwenye bonde dogo, gari likianza kupanda huku tela liko bado chini: ncha ya mlingoti inashuka kwenye paa. Na ukishausimamisha, usisogeze tela hata mita moja kabla ya mtu kutazama juu. Waya za umeme na mlingoti wa alumini huua.

Mwisho kabisa, panga muda wa kupandisha uwe maji yakijaa, karibu na kilele. Ukoga unakuwa chini ya maji, tairi za gari zinakanyaga zege safi, na njia ni fupi. Siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida) maji hupwa mbali sana, angalia jedwali kabla ya kushusha asubuhi. Hata pikapu ya nyuma tu inafanya kazi vizuri kwa namna hiyo, mradi unaweza kusubiri maji.

#14 KambaMbili

Basi ni la tatu, na nitaanza na mizani ya magari. Gari la umeme lingekuwaje? Na tela likidondoka mwisho wa zege, gia za chini zinalitoa?

#15 FundiDifu

La umeme ni zuri sana mteremkoni: torki yote ipo tangu limesimama, halina klachi ya kuungua wala ekzosti. Angalia tu kama kitabu chake kinaruhusu kuvuta, maana mengine yamekatazwa kabisa, na ujue umbali wa chaji ukivuta tela hupungua sana, mara nyingi kufikia karibu nusu.

Mwisho wa zege: usivute kwa nguvu. Tairi za tela zikiwa nyuma ya ukingo, ekseli inagonga zege kama ukuta, na 4WD yenye gia za chini ina nguvu ya kutosha kuing'oa ekseli kwenye springi zake. Rudi nyuma kidogo, acha mashua ielee itoke ili tela liwe jepesi, kisha subiri maji yapande au inua tela kwa mikono na mbao chini ya tairi. Boti za injini zinazojipandisha kwa kukanyaga mafuta ndizo zinazochimba shimo pale. Kabla ya kushusha mara ya kwanza kwenye mteremko wowote, nenda maji yakiwa yamekupwa kabisa, tafuta ukingo wa zege uko wapi, pima umbali wake kutoka alama ya kudumu iliyo pembeni, na chora mstari wa rangi kwenye shingo ya tela unaoonyesha ukomo wa kuzama.